Nilichomnyima Mama Ouma

Siku ya kuniaga mlinipa chupa ya chai, leso mbili na hotuba tatu. Hotuba zote zilisema jambo moja: kwamba miaka yote hiyo kliniki, hakuna aliyewahi kuniona nimetetemeka. Nilipiga makofi kama wengine. Baadaye, tukiosha vikombe, mmoja wenu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, ulikuwa unafanyaje? Mimi nina watoto wawili, na nikifika hapa asubuhi roho inabaki nyumbani." Nikamwambia atazoea.

Huo ulikuwa uongo, na ulinitoka upesi kwa sababu nimeusema mara nyingi. Tangu nirudi nyumbani sijapata raha nao. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwa faili yangu, kama panya hawajaifikia. Mimi nitawaambia ambayo hayakuandikwa.

Niliingia kliniki ya mama na mtoto ya Kibera miaka michache baada ya Uhuru. Wakati huo nilikuwa nimeolewa, ninakaa Kawangware, upande unaoitwa Kongo, kwenye shamba la baba mkwe ambalo lilikuwa limeanza kujengwa vyumba vya wapangaji. Nilikuwa na watoto wawili, Kamau na Nyambura. Mume wangu alikuwa dereva wa lori na alilala nyumbani siku mbili kwa wiki. Kazini nilikwenda kwa miguu, nikikata njia kupitia mtaa wa Jamhuri, viatu vyeupe nimevifunga kwa gazeti nivivae nikifika.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mawili, moja likifunguka. Mizani ilining'inia kwenye boriti, na chini yake suruali ya kitambaa ambayo mtoto anatumbukizwa miguu akipimwa. Sindano zilikuwa za kioo, tunazichemsha kwa sufuria nje nyuma ya jengo. Nyinyi mnaofungua sindano mpya kila mara hamjui uchungu wa kuona sindano imepinda ncha na foleni imefika barabarani.

Aliyenipokea siku ya kwanza si daktari wala msimamizi. Alikuwa Mama Halima, Mnubi wa mtaa wa Makina hapo hapo Kibera, mwanamke mnene wa makamo ambaye kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kufagia na kuchemsha vyombo. Ukweli ni kwamba kliniki ilikuwa mikononi mwake. Alijua nani amejifungua, nani amehama, na mtoto gani amekosa chanjo. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Karibu, mwanangu. Neno moja tu. Mtoto akiletwa, usimtazame yeye kwanza. Mtazame aliyembeba."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu vizuri kabisa. Kuyaelewa kulichukua miaka.

Nilipokuwa nimezoea kazi, Kamau akaungua. Alikuwa na miaka minne. Msichana aliyekuwa akiwaangalia aliipua sufuria ya uji, akaiweka chini apate kumfunga Nyambura nepi, na Kamau akarudi nyuma akakalia ukingo wake. Uji ukammwagikia mgongoni. Mimi nilikuwa Kibera nampima mtoto wa mtu mwingine, wakati jirani yangu wa nyumbani alipofika mlangoni akihema. Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka tu kwamba nilikimbia na kadi ya mtoto wa watu mkononi.

Kamau alipona. Ilipofika Krismasi alikuwa akipanda miti. Ambaye hakupona ni mimi.

Nitaeleza vile ilivyokuwa, kwa sababu baadhi yenu mtaitambua. Nikitoka asubuhi, kabla sijafika barabarani, kifua kinabana na mikono inakuwa baridi. Jiko la makaa limewekwa nje? Narudi kuangalia. Liko nje. Natoka tena. Mlango wa stoo? Narudi. Siku nyingine nilirudi mara nne, hadi wapangaji wakaanza kuulizana kama nimepoteza kitu. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nakimbia Kibera hadi Kawangware bila kula, nawakuta watoto wanacheza, nawagombeza kwa kucheza, halafu nakimbia tena kurudi. Nilimwuliza yule msichana maswali mengi mpaka akaondoka, na aliyemfuata akaondoka pia. Mume wangu aliniambia, "Mama Kamau, hawa watoto watakuogopa wewe kuliko moto." Nilikuwa nahesabu vichwa vyao uani, na walikuwa wawili tu.

Mama Halima ndiye aliyenikamata. Alichukua kadi tatu kutoka mezani kwangu, akazipanga kama karata.

"Hawa watoto watatu umewapima leo asubuhi," akasema. "Wote uzito mmoja. Ni mapacha?"

Nilitazama kadi. Nilikuwa nimeandika namba ileile mara tatu. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma pale tunapochemshia sindano, akanikalisha kwenye kreti la soda. Nikalia hadi kofia ikaanguka.

"Basi," akasema. "Mimi nimezaa saba, nimezika wawili. Hiyo hofu naijua. Ilihamia kwangu zamani na haijalipa kodi hata siku moja. Huwezi kuifukuza. Lakini unaweza kuiambia ikae wapi."

Alinifundisha kidogo kidogo, kama unavyomfundisha mtu kusonga ugali. Kwanza ilikuwa pumzi. Akaniambia nipumue kama mtu anayepuliza makaa yaliyokaribia kuzima: ukipuliza kwa haraka majivu yanakurukia usoni, kwa hiyo toa pole pole hadi kifua kiishe kabisa, kisha subiri. Halafu mlango. "Funga, gusa kufuli, sema kwa mdomo: nimefunga. Mara moja. Ukirudi kuangalia, hofu imejua kwamba wewe ni mfanyakazi wake." Siku za kwanza nilitembea hadi Jamhuri machozi yakinitoka kwa sababu tu sikurudi. Baada ya wiki kadhaa nilifika kazini nikiwa nimeona miti njiani.

Kisha kulikuwa na saa nane. Mama Halima alisema wasiwasi upewe saa yake kama wagonjwa wengine. Ukinijia asubuhi niuambie, "Njoo saa nane." Ikifika saa nane nikae kwenye lile kreti, niogope kila kitu ninachotaka kuogopa, moto, gari, surua, shimo la choo, hadi maji yachemke tena kwenye sufuria. Maji yakichemka, nainuka. Nilidhani ananitania. Lakini ajabu ni kwamba mambo mengi yaliyoahidiwa saa nane yalikuwa hayafiki. Yalichoka kungoja.

Akanilazimisha kula nimeketi, na kumwuliza anayebaki na watoto swali moja nikirudi badala ya kumi. Tena nisiingie uani nikihema. Nisimame kando ya ua, pumzi itulie, ndipo niingie. "Watoto wasikupokee na mbio za barabarani," alisema.

Sitawadanganya kwamba nilipona. Ilikuwa kama kupiga mswaki: ukiacha siku tatu unajua, na wanaokukaribia wanajua. Lakini Kamau na Nyambura walianza kunikimbilia nikifika, jambo ambalo nilikuwa sijagundua kwamba walikuwa wameliacha.

Kosa langu linaanzia hapo. Nilificha. Siku hizo mtu aliyesema moyo wake unamwendea mbio bila sababu alionekana ameanza kupotewa na akili, na mimi nilikuwa sista mwenye gauni jeupe na saa ya kifuani. Nilimwapisha Mama Halima asiseme. Hata nyumbani, siku zangu za mapumziko, ikifika saa nane nilijifungia chumbani na kuwaambia watoto wasibishe mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alianza kuja mama mmoja kijana aliyeitwa Akinyi. Alitoka upande wa ziwa, mumewe akifanya kibarua kwenye viwanda vya Industrial Area, na walipanga chumba huko chini katika kijiji cha Lindi, Kibera hiyo hiyo. Mtoto wake, Ouma, alikuwa na miezi tisa, mnene, mcheshi, anayeshika mpira wangu wa kusikilizia moyo na kutaka kuula. Akinyi alikuja kila Jumanne.

"Sista, hapumui vizuri."

Nasikiliza kifua. Kizima kabisa.

"Mama Ouma, mtoto yuko sawa."

"Sikiliza tena, tafadhali. Asubuhi nilimwacha na jirani nikaenda kufua nguo za watu, nikasikia kama anaacha kupumua. Nikarudi mbio."

"Ulimkuta anapumua?"

"Anacheka."

Nilimjua. Nataka mwelewe jambo hili vizuri. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza Jumanne ya kwanza, nilikuwa nimeshamjua kama ninavyojua uso wangu kwenye kioo. Niliona mikono yake inavyoshika mtoto, niliona anavyotazama mlango. Na kila alipokuja nilihisi kifua changu kinaanza kubana pamoja na chake. Nilikuwa nikitamani aondoke.

Jumanne ya sita au ya saba, foleni ilikuwa ndefu, mvua inanyesha, kina mama wamejazana ndani. Akinyi akafika mbele yangu na Ouma akitabasamu. Sikumruhusu aketi.

"Mama Ouma," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "hii mtoto ni mzima kuliko watoto wote hapa. Unapotezea watu wakati. Mgonjwa ni wewe, na ya kichwa hatutibu hapa."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walikuwa wamechoka na kulowa, na kicheko kilikuwa bure. Akinyi aliikunja kadi ya mtoto mara mbili, akaiweka kifuani, akamfunga Ouma mgongoni, akatoka kwenye mvua.

Mama Halima alikuwa amesimama na ufagio. "Umemjua," akaniambia jioni tukifunga. "Umemjua na ukamtukana."

"Foleni ilikuwa ndefu," nikasema.

"Foleni ni ndefu kila siku."

Jumanne iliyofuata Akinyi hakuja. Nikapata nafuu, na naona aibu kuandika hivyo. Ya pili hakuja. Wakati huo surua ilikuwa imeanza kupita Kibera, nyumba hadi nyumba, na mikono yetu ilijaa. Ya tatu Mama Halima alinijia asubuhi na mapema kabla sijavaa kofia. "Chukua begi yako," akasema. "Mtoto wa Akinyi."

Tulishuka Lindi kwa matope. Akinyi alikuwa ameketi mlangoni, Ouma mapajani. Vipele vilikuwa vimeanza kukauka, lakini mtoto alikuwa anahema haraka, usaha unatoka masikio yote mawili, na macho yake hayakutaka kufunguka. Nilimwuliza Akinyi mtoto ameugua tangu lini.

"Leo siku ya sita."

"Na ukamweka nyumbani siku sita?"

Nilisema hivyo. Hata wakati huo nilisema hivyo.

Akaniangalia bila hasira. "Ulisema ni kichwa yangu," akajibu. "Nikaogopa nikikuja watu watacheka. Nikasema nitangoja, nione kama ni kichwa yangu ama ni mtoto."

Tulimbeba hadi barabarani, akapelekwa hospitali. Alilazwa wiki nyingi. Alirudi amekonda, akashiba tena, akatembea. Lakini masikio hayakurudi. Ukimwita, hageuki.

Msimamizi aliniambia surua inaziba watoto wengi masikio, hata wanaoletwa mapema. Ni kweli. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na bado naweza kuhesabu siku sita kwa vidole.

Nilikaa miezi kabla ya kwenda kumwona Akinyi. Nilimkuta kwenye mfereji wa maji, debe lake limejaa, Ouma akichezea tope kando. Nilikuwa nimejipanga maneno. Nikamwomba msamaha kwa kumwaibisha, na yeye akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu. Basi nikadhani nitamfariji. Nikamwambia ukweli.

"Mama Ouma, hata mimi nina hofu kama hiyo yako. Hata mimi nilikuwa narudi mbio nyumbani. Kuna vitu mtu anaweza kufanya kila siku, vinasaidia. Naweza kukuonyesha."

Akatua debe alilokuwa ameanza kuliinua. "Tangu lini?"

"Miaka minne hivi."

"Kabla mimi nije kliniki?"

"Kabla."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye debe la mwingine.

"Kumbe ulijua," akasema. "Mimi nilikuwa nasema, sista hajui, hiyo hakusoma. Mtu akikosa kujua unamwachilia. Lakini wewe ulijua."

Akajitwika debe na kuondoka. Ouma alibaki nyuma kidogo, akiokota kijiti chake. Nikamwita kwa jina. Nilimwita mara mbili kabla ya kukumbuka.

Mwaka uliofuata walirudi kwao. Jirani alisema wamepata shule ya watoto wasiosikia karibu na nyumbani. Sijui zaidi. Sasa Ouma atakuwa kijana mwenye ndevu.

Baada ya hapo, mimi na Mama Halima tulianzisha lile jambo ambalo nyinyi mmelikuta na kuliita "benchi", mkidhani limekuwako siku zote. Mama akija na mtoto mzima mara tatu, hatukumfukuza. Tulimwambia, "Ngoja kidogo, saa nane tutaongea." Kufikia saa nane walikuwa wanne, watano, wakichambua sukuma wiki kwenye benchi la nyuma, Mluo na Mluhya, Mkikuyu na Mnubi. Tuliwafundisha pumzi ya makaa na kugusa kufuli. Nao walitufundisha yao. Mmoja, muuza mboga aliyeachwa na mume akiwa na watoto watano, alisema yeye kila akiamka humwambia jirani kazi tatu tu za siku hiyo, ya nne ikimjia kichwani anaijibu, "Wewe hukuandikwa." Tulicheka sana. Nimeitumia mwenyewe hadi leo. Mwingine aligundua kwamba chai ya rangi kali aliyokuwa akinywa tangu alfajiri badala ya chakula ndiyo iliyokuwa ikimkimbiza moyo. Mwingine hakusaidika na chochote, ila alikuja kila wiki kwa sababu, alisema, hapa haulizwi ana nini.

Lakini sikieni nilivyofundisha. Nilisema, "Kuna mama mmoja hufanya hivi." Nilisema, "Wako watu hupata nafuu wakifanya vile." Miaka yote hiyo kwenye benchi sikuwahi kusema "mimi". Nilikuwa nimesema mara moja pale mferejini, ikanichoma, na nikajipa ruhusa ya kunyamaza maisha yangu yote. Mama Halima alikuwa akinitazama kila nikifika kwa "kuna mama mmoja", kisha anainamia mboga zake. Aliacha kazi kabla yangu, akafariki miaka michache baadaye, akazikwa Kibera na watu wake. Hakuwahi kuitoa siri yangu. Wakati mwingine nimetamani angeitoa.

Sasa la mwisho, ambalo limetokea baada ya nyinyi kuniaga.

Nyambura wangu ni mtu mzima. Anapiga taipu ofisi moja mjini, ana mtoto wa miezi saba, na wanakaa katika chumba kimoja cha hapa kwetu. Nilipokuwa kazini nilikuwa naondoka kabla yake, kwa hiyo sikuwa nimeona asubuhi zake. Wiki ya kwanza ya kustaafu nilikuwa nimekaa jikoni dirishani. Nikamwona anatoka, anafika getini, anarudi. Anaangalia mtoto, anatoka. Anarudi tena. Mara ya tatu alisimama katikati ya ua, mkono kifuani, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekimbia.

Nilitoka nikamshika, nikamkalisha jikoni, nikammiminia chai. Nikamwambia ofisi itamngoja.

"Imekuanza lini?" nikamwuliza.

"Tangu nijifungue. Labda kabla." Alikuwa anajaribu kutabasamu. "Si kitu, Mama. Nitazoea."

"Miezi saba! Mimi ni mamako, na hiyo ndiyo kazi niliyofanya. Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu.

"Ningekuambia nini? Wewe hujawahi kuogopa kitu. Unatibu watu wa Kibera yote, unarudi, unapika, hutetemeki. Nilijua tu ni mimi nimeharibika peke yangu hii nyumba." Akazungusha kikombe mezani. "Na saa nane ulikuwa unajifungia. Mimi na Kamau tulikuwa tunaketi nje ya mlango. Tulisema tumekuchosha."

Nimewahi kutoa habari mbaya kwa kina mama wengi, na huwa najua pa kuweka mikono yangu. Siku hiyo sikujua. Nilimweleza yote, tangu siku aliyoungua kaka yake: kurudi mara nne, kukimbia mchana, kadi tatu za uzito mmoja, kreti la soda, na nilichokuwa nikifanya nyuma ya ule mlango. Nikamweleza Akinyi. Nikamweleza Ouma. Mtoto alilia chumbani, akamleta, akamnyonyesha huku ananisikiliza, na hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza alimweka mtoto begani, akampapasa mgongoni.

"Ungesema tu, Mama," akasema.